Mguu umenyooka, lakini mtoto anafika shule? Operesheni za watoto wenye mtindio wa ubongo tunazipima mapema mno

Ukikaa na wazazi wenye watoto wa mtindio wa ubongo hapa Dar, wale watoto wanaotembea namaanisha, awe anatembea mwenyewe au kwa magongo au kwa kushika ukuta, stori ya operesheni ya miguu haikosi. Mmoja kaambiwa mtoto akatwe mshipa wa kisigino, mwingine wa kwake alishakatwa akiwa na miaka minne na sasa ana kumi na mbili magoti yamekunja kabisa, mwingine anauliza tu kama kuna wazungu wanakuja mwezi gani. Na swali linalorudiwa na kila mtu ni moja, je operesheni inasaidia? Mimi nimefuatilia hili jambo kwa muda sasa, nimesoma, nimeongea na watu wa mazoezi tiba na mafundi wa splinti, vile vifaa vya plastiki vya kushika mguu, na ninachokiona ni kwamba jibu tunalitafuta siku isiyo sahihi. Tunaangalia mguu siku plasta inatolewa, umenyooka, tunapiga picha, tunasema imefanikiwa. Wakati matokeo ya kweli ya hii operesheni yanaonekana baada ya miaka miwili, tena nje, kwenye njia ya shule, na kwa sababu hatuangalii huko ndio maana tunaendelea kurudia operesheni ambazo zinawaumiza watoto wakifika ujana.

Tuanze na kinachotokea mwilini maana hapa wengi hawaelezwi. Ubongo wa mtoto uliumia, mara nyingi ni wakati wa kuzaliwa kwa kukosa hewa, au njano kali siku za kwanza, au kuzaliwa njiti, au homa ya uti wa mgongo baadaye. Hilo jeraha la kwenye ubongo haliendelei kukua. Kinachobadilika ni miguu. Misuli inakaza muda wote, na msuli uliokaza haurefuki kwa kasi ya mfupa, kwa hiyo kila mtoto anavyorefuka msuli unazidi kuwa mfupi kwake. Na mifupa nayo inapinda. Mtoto yeyote akizaliwa mfupa wa paja umejisokota kwa ndani karibu nyuzi 40, anapoanza kusimama na kukimbia unajisokotoa polepole mpaka ukubwani unabaki kama nyuzi 15, sasa huyu wetu hatembei kama wenzake hivyo mfupa unabaki vilevile, ndio maana unaona magoti yanatazamana na anajikwaa kwa miguu yake mwenyewe. Kwa hiyo shida iko kwenye nyonga, paja, goti, kifundo na unyayo, zote kwa pamoja, hata kama jicho la mzazi linaona kitu kimoja tu, kwamba anatembelea vidole.

Na kwa sababu kinachoonekana ni vidole, kinachokatwa ni kisigino.

Hapa naomba nikae kidogo maana ndipo penye maumivu. Mshipa mkubwa wa kisigino unabeba misuli miwili ya ndama ya mguu, mmoja mrefu unaanzia juu ya goti na mwingine mfupi unaanzia chini ya goti. Huu wa chini kazi yake kubwa ukitembea ni kuushika mfupa wa ugoko usiangukie mbele. Yaani ndio unaokufanya usimame goti likiwa limenyooka bila kutumia nguvu nyingi. Kwa watoto wengi wenye miguu yote miwili kukaza, msuli uliofupika hasa ni ule mrefu, huu mfupi unakuwa na unafuu. Ukienda kukata mshipa wote kisigino umelegeza vyote viwili. Unyayo unashuka chini, ni kweli, wiki ya kwanza baada ya plasta mama analia kwa furaha kwa sababu hajawahi kuona kisigino cha mwanawe kinagusa sakafu. Lakini ule msuli uliokuwa unashika ugoko umeshakuwa dhaifu, na msuli uliolegezwa kupita kiasi kuurudishia nguvu ni kazi ngumu sana, madaktari wenyewe wanasema kisigino kikirudi kukaza unaweza kukirekebisha tena ila kikilegea mno hakuna dawa nzuri.

Sasa watu wa Melbourne, Australia, walifuatilia watoto 134 waliofanyiwa hiyo operesheni ya ndama peke yake, wakatoa matokeo mwaka 2001 baada ya kuwaangalia kwa wastani wa karibu miaka saba. Waliobaki na urefu mzuri wa misuli walikuwa asilimia 42. Asilimia 22 walirudi kutembelea vidole. Na asilimia 36, zaidi ya theluthi, walienda upande wa pili, kisigino kimelegea kupita kiasi. Walioharibikiwa zaidi ni wale waliokaza miguu yote miwili na waliofanyiwa wakiwa wadogo, chini ya miaka minane. Hebu fikiria kwamba huo ndio umri ambao hapa kwetu mzazi anaambiwa muwahishe mtoto, akikua itakuwa ngumu.

Mtu atasema mbona watoto wa miguu vifundo, wale wanaozaliwa nyayo zimepinda kwa ndani, wanakatwa huo huo mshipa wakiwa na miezi michache tu na wanakimbia? Ni kweli, na ukienda pale hospitali ya CCBRT Msasani utawaona, wanafungwa plasta wiki baada ya wiki, wanakatwa mshipa kidogo, wanavaa viatu vya chuma, wanapona vizuri kabisa. Lakini yule mtoto ubongo wake mzima, misuli yake inapokea amri sahihi, mshipa unaota tena na unafanya kazi yake. Wa mtindio wa ubongo amri inayokuja ni ileile ya kukaza, na nguvu aliyonayo ni ndogo tangu mwanzo. Nimesikia kwa masikio yangu mzazi akipewa mfano wa mtoto wa jirani mwenye mguu kifundo ili akubali operesheni ya mwanawe mwenye mtindio, na aliyempa mfano hakuwa na nia mbaya, alikuwa anamtia moyo. Ila ni magonjwa mawili tofauti.

Basi yule mtoto aliyekatwa na miaka minne anakuja kufika kumi na moja, kumi na mbili. Anarefuka kwa kasi, anaongezeka uzito, na magoti yanaanza kukunja. Anatembea kama mtu aliyechuchumaa nusu. Jaribu wewe mwenyewe kusimama magoti yamekunja dakika mbili tu uone mapaja yanavyowaka moto, sasa yeye ndio mwendo wake wa siku nzima. Misuli ya mbele ya paja inavuta muda wote, kifuniko cha goti kinapandishwa juu, goti linauma, anaomba abebwe, baadaye anakataa kutoka nje. Na familia inasema ugonjwa umeongezeka. Kumbe sio ubongo ulioongezeka kuharibika, ni ukuaji pamoja na ule mkato wa miaka nane nyuma ambao kwenye kumbukumbu umeandikwa umefaulu. Sisemi kila goti linalokunja limetokana na operesheni, wapo ambao hawajawahi kuguswa na kisu na wanaishia hapo hapo. Ila kama kuna kitu tunaweza kukizuia ni hiki.

Njia nyingine ipo na haijaanza jana. Zamani hata nchi tajiri walikuwa wanakata kidogo kidogo, mwaka huu kisigino, mwakani nyuma ya goti, mwaka unaofuata nyonga, mpaka daktari mmoja wa Toronto, Mercer Rang, akalalamika kwamba hawa watoto wanasherehekea siku zao za kuzaliwa hospitalini kila mwaka. Wakahamia kwenye kufanya yote kwa mara moja. Mtoto anasubiriwa mwendo wake ukomae, mara nyingi kati ya miaka 6 na 12, anapimwa vizuri kiungo kwa kiungo, halafu siku moja anaingizwa theatre anarekebishwa kila panapohitaji, mfupa wa paja unazungushwa na kufungwa chuma, msuli wa nyuma ya goti unarefushwa, msuli mmoja unahamishwa, ndama inalegezwa kwa juu kwenye ule msuli mrefu peke yake ili wa chini ubaki na nguvu zake. Kazi kubwa hiyo. Saa nyingi, timu mbili wakati mwingine, na hatari zake zipo, mshipa wa fahamu nyuma ya goti unaweza kuvutika mguu ukafa ganzi, maumivu makali siku za mwanzo, na vyuma kuja kutolewa baadaye.

Je inasaidia? Melbourne haohao mwaka 2011 walitoa jaribio dogo, watoto 19 tu, 11 wakafanyiwa hiyo operesheni ya mara moja na 8 wakapewa mazoezi ya kuongeza nguvu kwanza. Baada ya mwaka, mwendo wa waliofanyiwa ulikuwa umeboreka kwa asilimia 34 kwa kipimo chao cha mwendo, wale wengine hawakusogea. Hiyo ni nzuri. Lakini angalia upande wa pili, uwezo wa jumla wa kufanya vitu, yaani kuinuka, kupanda ngazi, kusimama bila kushika, baada ya mwaka mmoja haukuwa na tofauti kati ya makundi mawili. Nafuu kwa waliofanyiwa ilikuja kuonekana mwaka wa pili, na ilikuwa ndogo, kama asilimia 5. Kwa hiyo mguu unanyooka mapema, maisha yanabadilika polepole na kwa kiasi. Mimi sioni kama hiyo ni hoja ya kukataa operesheni, asilimia hizo chache kwa mtoto ambaye bila hivyo angekuwa anashuka ni kitu kikubwa, ila mzazi ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajasaini karatasi.

Na aambiwe na hili pia. Kanada mwaka 1997 walitoa mfumo wa ngazi tano wa kupanga hawa watoto, ngazi ya kwanza anatembea na kukimbia ila mwili hauna usawa mzuri, ya pili anatembea lakini akipanda ngazi za nyumba anashika reli, ya tatu anatumia magongo au woka, ya nne na ya tano ni viti vya magurudumu. Operesheni mara nyingi haimtoi mtoto ngazi moja kumpeleka nyingine. Wa ngazi ya tatu atabaki wa ngazi ya tatu, ila atasimama wima zaidi kwenye magongo yake, hatachoka haraka, goti halitauma. Mama anayeuliza "Daktari, atatembea kama wenzake?" anajibiwa "Mungu akijalia mama", na hilo ni jibu la upendo lakini halimsaidii kupanga. Ajibiwe kwamba mama, magongo hatayaacha, tunachotafuta ni afike mbali zaidi nayo na asiumie.

Afike mbali kiasi gani? Hapo ndio kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji mashine. Kimetolewa mwaka 2004, kinauliza mtoto anatumia nini kutembea mita 5, mita 50 na mita 500. Mita 5 ni kutoka kitandani mpaka mlangoni. Mita 50 ni darasani kwenda chooni. Mita 500 ni nyumbani kwenda shule au dukani. Kila umbali unapewa alama kuanzia 1, kiti cha magurudumu, mpaka 6. Na tofauti ya 5 na 6 ndio Dar es Salaam yenyewe, 5 ni anatembea mwenyewe bila kifaa kwenye sehemu tambarare, 6 ni anatembea popote, kwenye mabonde, kwenye watu wengi, ngazi bila kushika. Sasa niambie hapa mtaani sehemu tambarare iko wapi. Mtoto wa Mbagala anatoka geti, kuna mchanga unaozama, halafu mtaro uliofunikwa na ubao mmoja, halafu barabara ya vumbi yenye makorongo ya mvua ya masika, bodaboda zinapita pembeni hazipunguzi mwendo. Chooni shuleni ni cha kuchuchumaa na sakafu imelowa. Anayetembea vizuri kwenye korido ya hospitali yenye vigae anaweza kuwa hatoki nje kabisa akirudi kwao, na sisi tumeshamwandika amefaulu.

Watoto 66 waliofuatiliwa kwa kipimo hiki, matokeo yake yalitoka mwaka 2007, walionyesha kitu ambacho kila mzazi angekijua tungeokoa watoto wengi. Mwezi wa tatu na wa sita baada ya operesheni mtoto alikuwa anatembea vibaya KULIKO kabla ya operesheni. Mwaka mmoja ndio akarudi pale alipokuwa. Miaka miwili ndio akapita. Na hao walikuwa na mazoezi na ufuatiliaji.

Chukua hiyo sasa uilete uswahilini. Mwezi wa nne. Mtoto aliyekuwa anatembea mwenyewe ingawa kwa vidole, leo anashika woka na analia. Majirani wameanza, wamemharibu mtoto wa watu hao, si bora mngemwacha. Bibi anasema aletwe achuliwe. Baba alikopa hela ya operesheni na sasa kila wiki bajaji kwenda na kurudi mazoezi, maana daladala na woka na mtoto mwenye chuma kwenye paja huwezi kupanda saa za asubuhi. Mama anauza vitumbua, siku ya kliniki hauzi. Wakikosa wiki moja wanakosa ya pili, ikifika mwezi wa sita wameacha, na hapo ndipo pabaya kuliko pote pa kuachia kwa sababu misuli imerefushwa na haijapata nguvu. Sio uzembe wa wazazi. Hakuna aliyewaambia kwamba mwezi wa nne utakuwa hivi na ni kawaida, wangejua wangewajibu majirani.

Halafu splinti. Mama mmoja nilimkuta Karume kwenye mitumba ya viatu, kwenye mfuko wa rambo kabeba splinti ya plastiki ya mwanawe, ile inayoanzia chini ya goti mpaka kwenye unyayo, anaichomeka kwenye kiatu kimoja baada ya kingine. Muuzaji anamwambia "mama hicho ni namba yake", anajibu "kaka, namba yake haiingii na hii". Shule inataka kiatu cheusi cha kufunika, splinti inataka kiatu kipana kinachofunguka mpaka mbele, kwa hiyo ananunua jozi mbili, mguu wenye splinti namba kubwa na mwingine namba ya kawaida, vinavyobaki anavitupa. Jasho la joto la Desemba linachubua ngozi, mtoto anavua akifika shule anavaa ndala. Na anakua, baada ya miezi kadhaa splinti haimtoshi, inabana kidole gumba, inatakiwa nyingine na hiyo nyingine ni hela nyingine. Mafundi wazuri tunao, chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC Moshi kinawafundisha tangu miaka ya themanini na wanakuja mpaka wanafunzi wa nchi nyingine za Afrika. Ila bajeti ya operesheni ikiandikwa, splinti ya pili na ya tatu haimo.

Ndio maana kambi za upasuaji zinanipa shida. Wageni wanakuja wiki moja, watoto arobaini wanapangwa, habari inatoka kwenye TV, namba inasomwa. Kwa mdomo sungura au mguu kifundo namba hiyo ina maana kubwa. Kwa mtoto wa mtindio wa ubongo anayetembea, daktari aliyemkata hatakuwepo plasta ikitolewa, hatamwona mwezi wa nne, hatajua kama kisigino kimelegea akiwa na miaka kumi na mbili. Na ukiwa na siku tano na foleni ndefu utafanya operesheni gani? Utafanya ya dakika ishirini, ya kisigino. Sio kwamba ni watu wabaya, ni jinsi wiki ilivyopangwa.

Kuna hoja najua italetwa, kwamba madaktari wa mifupa ya watoto ni wachache, MOI, hospitali ya mifupa pale Muhimbili, foleni ndefu, KCMC mbali, kitu kidogo ni bora kuliko kutokufanya kitu kabisa. Nailewa. Lakini kwa mtoto wa miaka minne anayetembelea vidole na kifundo bado kinakubali kusukumwa, kusubiri sio kukaa bure. Kuna plasta za kunyoosha zinazobadilishwa kila wiki, kuna splinti, kuna mazoezi, kuna sindano ya botoksi pale inapopatikana ingawa nguvu yake inaisha baada ya miezi mitatu mpaka sita hivi. Vyote vinamvusha mpaka afike umri wa kufanyiwa mara moja vizuri. Hela ya kisigino cha leo, pamoja na ya kurekebisha magoti ya kesho, ukijumlisha ni kubwa kuliko ya kusubiri hivyo.

Msimamo wangu uko hivi, hospitali isiyoweza kumhakikishia mtoto mwaka mmoja wa mazoezi na splinti za miaka miwili isianze operesheni kubwa, impeleke anakoweza kupata. Na mfadhili anayetoa hela ya watoto arobaini atoe ya watoto kumi na tano iliyokamilika, nauli ikiwemo. Najua maana yake ni kwamba watoto ishirini na tano watasubiri, na kuna wazazi watanichukia kwa hilo, lakini nimeona magoti ya wasiosubiri.

Wakati huo mzazi usikae mikono mitupu. Simu uliyonayo inatosha. Mpige video mtoto akitembea, amevaa kaptula, bila viatu, upande wa kushoto, wa kulia, mbele na nyuma, simu uishike usawa wa goti lake sio juu, kila baada ya miezi sita. Kuna mfumo wa Edinburgh wa tangu mwaka 2003 unaompa alama mtoto kwa video tu, vitu 17 kwa kila mguu, mtaalamu wa mazoezi anaweza kuutumia hata kwenye kituo kisicho na maabara ya mwendo. Ukiambiwa operesheni mwonyeshe daktari hizo video, muulize unakata wapi hasa, kwa nini kisigino na sio juu, goti umeliangalia? paja je? nani atamwona mwezi wa nne?

Na hospitali nazo, kwenye faili la kila mtoto pawe na mistari mitatu tu, mita 5, mita 50, mita 500, ijazwe kabla ya operesheni, mwaka mmoja baadaye, na miaka miwili baadaye. Asipokuja kliniki apigiwe simu mama yake, aulizwe anaendaje shule siku hizi, anaendaje dukani, jibu liandikwe hata kama ni baya. Nusu ukurasa, kalamu na vocha ya simu.